Masale ya Bwawa la Pili

Nkwaringa, Meru
Jumapili, 12 Machi 1995

Mdogo wangu Magdalena,

Marahaba, maana najua umeshanisalimia kabla hujamaliza kufungua bahasha. Sisi hatujambo. Mvua imeshuka, migomba inacheka, na wifi yako Mama Brayson anauliza hivi huko Sokon One mmekatazwa kula loshoro? Tangu Krismasi hatujakuona.

Nina jambo la Marudio. Chama chetu cha msingi kimefika mwisho, tusidanganyane. Tangu serikali iruhusu wanunuzi binafsi, watu wanapeleka kahawa kwa anayelipa papo hapo, na chama kimebaki na muhuri na kiti cha katibu. Sasa tumeambiwa tuamue mali zake ziende wapi. Ghala halina ugomvi, limeoza. Ugomvi ni Marudio, mashine yetu ya kumenya kahawa na mabwawa yake.

Ah, mdogo wangu, unakumbuka ilivyokuwa? Mashine inamenya kahawa mbivu, maji yanatoka mekundu, mazito, yananuka maganda, yanaingia bwawa la kwanza kutulia. Halafu yanapita kwenye changarawe na mchanga, yanaingia bwawa la pili, na injini inayarudisha juu kwenye tangi yakamenye tena. Kijiji kizima kilimenya kiangazi chote kwa maji ambayo wengine wangeosha nayo jembe tu. Jioni tunayaachia mferejini, yanakwenda kwenye migomba ya watu wa chini. Na baba, Mungu amrehemu, alikuwa anapita ukingoni na koti lake la kanisani, anachota kwa kiganja, ananusa, anasema, "Haya bado," au, "Haya yamepona." Siku hizi hakuna anayenusa. Nanusa peke yangu, watu wananicheka.

Mkutano wa kuamua ni Jumamosi ya tarehe 29 Aprili. Njia zinazotajwa ni tatu. Ya kwanza, chama kiendelee hivyo hivyo, na hapo kila mtu anacheka. Ya pili, tuwakodishie kampuni ya Kilele, hawa wanunuzi wapya, kwa miaka kumi. Ya tatu, wanaotumia maji waunde kikundi, wajimilikie. Mimi nimeshika funguo za pale miaka kumi na tisa. Kila njia naona kama inapita juu ya mgongo wangu.

Lakini nimegundua ya nne. Bwawa la pili limezungukwa na masale, mimea ile ya majani marefu, na aliyeyapanda ni baba. Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba palipo na mstari wa masale ndipo mpaka wa kihamba cha mtu, shamba lake la urithi. Kwa hiyo bwawa limo kihambani kwetu! Baba aliwaazima tu, kwa moyo wake ule. Lilipochimbwa, mwaka wa sabini na nne, mimi nilikuwa Tanga relini, sikushuhudia, lakini masale hayasemi uongo. Na bila bwawa la pili hakuna Marudio. Kilele wakikodi kwangu, funguo zitakaa mfukoni mwangu mpaka nizikwe nazo.

Wewe umechapa mikataba ya maji hapo ofisini kwenu miaka nenda rudi. Nishauri.

Kaka yako,
Naftali


Sokon One, Arusha
25 Machi 1995

Kaka Naftali,

Shikamoo. Anande, muuza ndizi wenu, alinikabidhi barua yako pale soko la Kilombero, akiwa ameichomeka ndani ya mkungu wa ndizi. Ina utomvu kila ukurasa. Sehemu nyingine nimekisia. Nisamehe kuchelewa, ofisini kazi ni nyingi mno.

Nilichojifunza kwenye mikataba ile ni kwamba mwenye mali na mwenye funguo si lazima wawe mtu mmoja. Ninyi mnagombania kitu kimoja kumbe ni viwili. Nani amiliki? Hilo ni swali moja. Nani aendeshe? Hilo ni swali la pili. Chama kilikufa kwa sababu kilikuwa vyote viwili, ikawa hakuna wa kukiuliza injini imelala kwa nini.

Kampuni si shetani, kaka. Ina dizeli, ina spea, haigombani na shemeji yake. Lakini waulizeni: aliyemwuzia kahawa mnunuzi mwingine, atamenyewa? Maji ya jioni yatakwenda kwa nani? Pampu ikifa mwaka wa tisa, wanunue mpya ili wawaachie mwaka wa kumi? Hata mimi nisingenunua. Na kikundi nacho kina ugonjwa wake. Cha wote huwa si cha mtu. Wataimba siku ya uzinduzi, mwaka wa pili watasema changarawe zioshwe na fulani.

Ningekuwa na kura, ningesema hivi: watumiaji wamiliki, wawe na katiba na faini, na kila debe la kahawa lilipie maji yake. Halafu wamwajiri mwendeshaji kwa mkataba wa misimu mitatu. Awe mtu, iwe kampuni, akishindwa aondoke. Ndiyo, hata akiwa kaka yangu. Usinune.

Masale usiyataje kwanza. Mambo ya mipaka huamsha ukoo mzima, na waliojua mambo ya zamani wengi wamelala makaburini. Liache hilo.

Umenikumbusha mashua zetu za maganda ya mgomba kwenye bwawa la kwanza. Ya kwangu ilikuwa inazama kila mara, na wewe ukija likizo unacheka mpaka unakaa chini. Wakati mwingine hapa mjini nikisikia injini ya mashine ya kusaga, nafumba macho kidogo.

Msalimie Mama Brayson. Binti yangu Evelyn anawasalimu.

Mdogo wako,
Magdalena


Nkwaringa
Jumapili, 9 Aprili 1995

Magdalena,

"Liache hilo" limechelewa. Nilishasema.

Ilikuwa kwenye kikao cha maandalizi. Nikasimama, nikawaonyesha kwa kidole, kwa kuwa masale yanaonekana pale pale kutoka ghalani. Mshili, mzee wa ukoo wetu, akafikiri, akasema panapo masale hapana la kubishana. Mama Nanyori naye alikuwa amekaa mbele. Unajua yeye ndiye jirani tunayepakana naye pale, na ni mjane wa siku nyingi, mdomo anao. Angekuwa na neno angelisema. Aliangalia mikono yake tu. Kunyamaza ni kukubali.

Kesho yake bwana Rodrick wa Kilele akanifuata hapa nyumbani, viatu vinang'aa kwenye matope yetu. Anataka mkataba na mimi binafsi. Miaka kumi. Atakayemenya ni yule anayewauzia wao, na maji ya jioni yatakwenda kwenye kitalu chao cha miche. Watu wa chini watanuna, halafu watazoea. Mimi nitakuwa msimamizi, kwa barua yenye muhuri. Tunasaini mbele ya mkutano, tarehe 29.

Sasa na mimi nikukamate. Ijumaa nilishuka mjini, nikapita ofisini kwako na debe la parachichi. Mlinzi akaniangalia kwa huruma. Akasema, "Mzee, Magdalena alipunguzwa tangu Januari, yeye na wachapaji wote, na binti yake kaacha shule kwa kukosa ada." Nikamwachia parachichi zote kwa aibu, nikaondoka. Kazi nyingi mno, eh? Mimi ni nani kwako hata unifiche? Ulinibeba kwenye maombi yako nilipokuwa Tanga, leo unashindwa kuniambia una njaa?

Haya, sikiliza. Kodi ya bwawa, nusu ni yako. Nimeshamwambia Rodrick. Evelyn atarudi shule. Ona jinsi baba alivyotuwekea akiba bila sisi kujua. Nimepita pale jioni hii, nikayashika yale majani, nikamshukuru kwa sauti kama mwendawazimu.

Naftali


Sokon One
12 Aprili 1995

Kaka,

Shikamoo. Ni kweli. Nilisimama Januari na bahasha ya kupunguzwa kazi mkononi na nikashindwa kuipanda barabara ya kuja nyumbani. Nauza chapati mbele ya gereji. Zinanunulika. Evelyn yupo hapa nami tangu muhula ulipoanza.

Nusu uliyoitaja nimeipokea kwa mikono miwili. Wewe saini, kaka. Usisubiri neno kutoka kwangu.

Pasaka njema.

Magdalena


Sokon One
Jumatatu ya Pasaka, 17 Aprili 1995

Kaka Naftali,

Usisaini.

Jana kanisani nilishindwa kwenda mezani kwa Bwana. Nilikaa kwenye benchi, Evelyn ananivuta mkono, nikamwambia tumbo linauma. Halikuwa tumbo. Nimeamka leo niandike kabla sijaanza kukanda unga, kwa sababu nikishakanda nitaanza tena kuhesabu ada.

Masale yale si ya mpaka.

Mwaka ule wa sabini na nne jua liliua kila kitu. Bwawa lilikuwa moja tu, na maji yake yalikuwa ya zamu. Jumapili moja, watu wote wakiwa kwenye ibada, baba alisema anaumwa. Aliponiona nami nimebaki, akanichukua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Alifungua lango la bwawa kwa jembe, akayaelekeza maji yote kwenye migomba yetu. Mimi alinisimamisha njiani, niimbe kama mtu anakuja. Nilisimama pale na wimbo mdomoni, kaka. Naukumbuka ni upi, na hadi leo ukianzishwa kanisani natoka nje.

Jumatatu hapakuwa na maji ya kuoshea. Mama Nanyori alikuwa amefiwa na mumewe mwaka huo huo. Kahawa yake yote, ya msimu mzima, ilikuwa imeshamenywa, iko kwenye birika inasubiri kuoshwa. Ilikaa siku tatu kwenye joto lile. Ikanuka, ikakataliwa. Alikaa chini pembeni ya birika akawa anaichota na kuiachia, anaichota na kuiachia. Hakulia. Baba alimwona, na mimi nilimwona.

Hakuna aliyetushuku. Baba angeweza kunyamaza, kaka, hilo ulijue. Lakini siku ya nne alikata jani la isale, akafunga fundo, akanishika mkono, tukaenda kwa Mama Nanyori tukiwa na mzee mmoja wa ukoo ambaye sasa ni marehemu. Baba yetu alipiga magoti kwenye ule ua. Unajua desturi: ukiletewa isale huwezi kumfukuza aliyekuja nalo, na ukishalipokea shauri limekufa. Halitajwi tena, si na aliyekosa wala aliyekosewa, hata kwa watoto. Mama Nanyori alilitazama muda mrefu sana. Halafu akalipokea.

Baba akatoa faini ambayo hakuombwa. Lile shamba la chini, alilitoa lichimbwe bwawa la pili, ili maji yasimpungukie mtu tena. Wakaenda pamoja, yeye na Mama Nanyori, wakayapanda masale pande zote, kuonyesha kwamba kilicho ndani kimeshatoka mikononi mwetu. Wewe uliporudi ukaambiwa tu kwamba Mzee Aminieli alitoa shamba. Watu walimsifu, naye alikuwa akiondoka wakianza kumsifu.

Sasa unaelewa kwa nini Mama Nanyori aliangalia mikono yake. Alikuwa anakusikia unamnyang'anya mara ya pili, na mdomo wake umefungwa na msamaha wake mwenyewe. Migomba yake iko chini, kaka. Maji ya jioni ni ya kwake.

Mimi nimevunja mwiko kukuandikia haya. Na nilishakuambia saini. Nilijua yote haya na bado nikakuambia saini, kwa ajili ya ada. Nichukie kwa hilo, lakini usisaini.

Magdalena


Nkwaringa
22 Aprili 1995

Magdalena,

Barua yako nimeisoma mara moja nikaitia jikoni, kwenye moto.

Baba alikuwa mzee wa kanisa miaka ishirini. Ulikuwa mtoto, na watoto huota. Miaka ishirini na moja hukusema, unakuja kusema leo, yeye hayupo kujitetea? Mimi yule mtu ndiye aliyenifundisha kunusa maji. Sina baba mwingine.

Nitasaini. Nusu yako ipo pale pale, sina kinyongo.

Ninacho. Usiniandikie tena mambo haya.

N.


Nkwaringa
Jumapili, 4 Juni 1995

Mdogo wangu Magdalena,

Wiki sita hujaniandikia, nami ndiye niliyekukataza, kwa hiyo nimeze mwenyewe.

Nilipoituma barua ile ya ukali sikulala vizuri. Nikawa nakumbuka mambo. Mbona baba hakuwahi hata siku moja kukata kuni upande ule? Mbona mama alipotaka kupanda magimbi kando ya bwawa alimkatalia kwa hasira, yeye ambaye hakuwa na hasira? Siku mbili kabla ya mkutano nikaenda kwa Mama Nanyori. Nikamkuta anapepeta maharage. Nikasema, "Mama, shikamoo. Nataka kukuuliza juu ya masale ya bwawani."

Akaendelea kupepeta. Akasema, "Kaa, nikupe uji."

Nikasema sitaki uji, nataka ukweli. Akaweka ungo chini. "Mwanangu, kuna vitu mtu akishavipokea hana mdomo navyo tena. Usiniulize." Hakukana, Magdalena. Nilimwomba Mungu yule mama akane, akasema usiniulize.

Nikamwuliza sasa kwa nini alininyamazia kwenye kikao, wakati maji yanayokwenda kwenye kitalu cha Kilele ni ya migomba yake. Hapo alikasirika. "Ulitaka nimfukue mzee wa watu mbele ya mkutano? Migomba ikikauka nitanunua ndizi."

Nilikunywa uji.

Tarehe 29 watu walijaa mpaka nje ya ghala. Rodrick alikuwa na karatasi zake na kalamu mbili, moja ya akiba. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakaniishia. Nikasema, "Nilikosea. Masale yale si mpaka wetu. Yalipandwa kuonyesha kitu kilichokwisha kutolewa. Bwawa si la Naftali, wala si la ukoo." Mshili akaniuliza nimejuaje. Nikasema nimeambiwa na mtu anayejua, nikakaa. Sikumtaja baba. Wengine waliguna kwamba nimelewa. Mama Brayson alinitazama kama nimeuza ng'ombe wake. Rodrick alizikunja karatasi zake taratibu. Mtu mstaarabu yule, aliniaga kwa mkono.

Tulibishana mpaka saa kumi. Mwisho nikawasomea ile barua yako ya Machi. Mwenye mali na mwenye funguo si lazima wawe mtu mmoja: waliipenda, mwenyekiti akairudia mara mbili kana kwamba kaitunga yeye. Basi, kikundi cha watumiaji kimesajiliwa, hamsini na wawili, Marudio ni yao. Kilele wakitaka kumenya pale wataleta kahawa na kulipia debe kama mtu mwingine. Maji ya jioni yanabaki mferejini kwa zamu.

Halafu wakaipenda na ile sehemu yako nyingine. Mwendeshaji aajiriwe, misimu mitatu, kwa maombi ya maandishi. Hata akiwa kaka yako! Nilizikabidhi funguo mbele ya watu wote. Nilipozitoa mfukoni suruali ilikuwa nyepesi mpaka nikaiangalia. Jamani, kuomba kazi yangu mwenyewe! Tumeomba watatu, na mmoja ana cheti cha ufundi na anajua kuchora pampu kwenye karatasi. Watachagua Jumamosi ijayo, kabla kahawa haijaanza kuiva. Huenda nikakosa. Nimekubali kwamba huenda nikakosa, ingawa usiku ule sikula.

Nusu yako imeondoka na karatasi za Rodrick. Sina cha kukupa ila ndizi na nauli yenu wawili, viko kwa Anande. Uje na Evelyn. Shule ya hapa si mbaya kama unavyoikumbuka, na chapati watu wa hapa wanakula. Nilikuambia sina baba mwingine. Sina na dada mwingine, mjinga wewe.

Jambo la mwisho. Kila mwombaji anatakiwa awe na barua ya mtumiaji mmoja asiye ndugu yake, anayemthibitisha. Nilizunguka nyumba tatu nikarudi, sikuthubutu kupiga hodi. Mwisho nikaenda kwa Mama Nanyori. Hajui kuandika, kwa hiyo ilibidi niandike mwenyewe, yeye anasema na mimi kwenye kigoda na kalamu. Alinionya niandike kama anavyotamka, nisipambe.

Akasema, "Naftali ni mbishi." Nikaandika. "Anapiga kelele kuliko injini." Nikaandika. "Akikwambia maji yako ni saa kumi, ni saa kumi, hata kama mmegombana asubuhi." Nikaandika. Akasema, "Baba yake nilimfahamu. Alikuwa jirani mwema."

Nikasimamisha kalamu. Nikamwuliza, "Mama, na hilo niandike?"

Akanijibu kwa ukali, "Anayeshuhudia ni mimi au wewe?"

Nikaandika, Magdalena. Nililia juu ya karatasi ya watu, ikabidi niinakili upya.

Kaka yako,
Naftali